Miaka Mitatu ya Mwalimu Katika Baridi ya Edinburgh

Wenyeji wetu wameshamaliza sikukuu yao ya taifa ya Novemba, taa za barabarani hazijateremshwa zote, na sisi huku Al Khuwair tunajiandaa kwa yetu ya tarehe 9 Desemba. Sambusa zinakunjwa, wanaume wanabishana nani atakwenda kukodi viti, na watoto wamekatazwa kuigusa bendera mpaka siku yenyewe. Kila mwaka jarida letu humtaja Mwalimu Julius Nyerere, na kila mwaka ni yule yule wa kwenye picha ukutani, mwenye mvi na fimbo mkononi. Safari hii tumeombwa tuandike sisi wa upande wa wauguzi, nasi tumeona tumwandike yule ambaye picha zake ni chache: kijana wa miaka 27 aliyefika Uingereza mwaka 1949 bila fimbo wala cheo, akaenda kusoma.

Tumechagua hivyo kwa sababu ya mambo ya nyumbani. Wapo wanetu walioondoka Septemba kwenda vyuo vya Ulaya, na simu zao hulia usiku wa manane, maana saa zetu na zao hazilingani. Mmoja anataka kubadilisha kozi, na baba yake hasemi naye. Mwingine masomo yanakwenda vizuri ila pesa ya chakula anaigawa nusu na kuituma kwa bibi yake Tanzania bila mama yake kujua. Wa tatu anataka kurudi, basi. Wazazi hutuletea sisi maswali haya, kwa kuwa tulipata shahada ya uuguzi huko huko na wanadhani tuna majibu. Majibu hatuna. Tunayo habari ya mtu mmoja aliyepita njia hiyo kabla yetu sote.

Neno moja kwanza. Hapa Muscat jina la Mwalimu halipokelewi kwa namna moja kila nyumba. Tunao majirani, na wengine ni wakwe zetu, ambao familia zao ziliondoka Unguja baada ya Januari 1964, nao wana yao ya kusema juu yake. Tumekaa kwenye mabaraza yao, tumekunywa kahawa yao, tumewasikiliza. Hayo hatuyafuti. Ila tunayoandika leo ni ya kabla ya hayo, wakati Nyerere alikuwa mwanafunzi anayehesabu shilingi zake.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake ishirini na ushee, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana, wakampa jina la Kambarage, pepo wa mvua. Kuwa mtoto wa chifu hakukumfanya tajiri. Alichunga mifugo, akalima, akala alichokula kila mtoto wa kijijini. Shule aliianza akiwa na miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Wanetu wa hapa wanaoanza chekechea wakiwa na miaka mitatu wataona hiyo ni kuchelewa mno, lakini masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, akapelekwa shule ya serikali ya Tabora, ambayo Waingereza waliiendesha kwa mfano wa shule zao kubwa za kwao.

Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na mwisho wa mwaka huo huo wa 1943 akabatizwa na kupewa jina la Julius. Huko Makerere alimsoma mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, akachukua mawazo yake juu ya unyonge wa wanawake na kuyapima kwa maisha ya wanawake wa kabila lake. Insha aliyoiandika ilishinda tuzo. Sisi wanawake tunaosoma jarida hili tuiweke hiyo akilini: mtoto wa mke wa tano aliandika juu ya mzigo wa mama zake kabla hajaandika neno juu ya gavana.

Alipomaliza Makerere alirudi kwanza kumjengea nyumba mama yake mjane. Kisha akapata nafasi mbili za kazi, moja shule ya serikali ya Tabora yenye mshahara mzuri zaidi, nyingine shule ya misheni ya St Mary's hapo hapo Tabora yenye mshahara mdogo. Akachagua ya misheni, akafundisha biolojia na historia. Kwa muda mfupi aliwahi pia kuwa mkaguzi wa bei, akizunguka madukani kuangalia wanaopandisha bei kinyume cha sheria. Aliripoti aliyoyaona, wakubwa hawakufanya kitu, akaiacha kazi hiyo.

Mkuu wa St Mary's alikuwa padri, Richard Walsh, na ndiye aliyemhimiza akasome Uingereza. Yaani hata Nyerere alihitaji kuhimizwa. Alikuwa na umri wa watu wenye watoto wawili, alikuwa na kazi, alikuwa na mama na wadogo waliomtegemea, na alikuwa na mchumba, Maria Gabriel Magige, mwalimu mwenzake. Kuondoka kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo wengine ndio wangeilipa nyumbani. Ufadhili ulitoka kwenye mfuko wa serikali ya kikoloni wa maendeleo ya makoloni. Aprili 1949 akapanda ndege Dar es Salaam hadi Southampton, akafika London, na kutoka London akachukua garimoshi kwenda kaskazini mpaka Edinburgh, mji mkuu wa Uskochi.

Tuseme kidogo juu ya mji huo, maana tumeufika. Edinburgh imejengwa juu ya mawe na kwa mawe. Ngome imekaa juu ya mwamba katikati ya mji, na ukitoka upande mwingine kuna kilima ambacho wanafunzi hukipanda siku za mapumziko. Enzi hizo nyumba zote zilipasha moto kwa makaa ya mawe, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umeyageuza majengo kuwa meusi. Baridi yake si ya kuganda tu, ni ya upepo wa bahari unaoingia kwenye mifupa. Lakini kitu kinachomshinda mtu wa kwetu zaidi ya baridi ni giza. Mwezi wa Desemba jua la Edinburgh linachomoza saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Unakwenda darasani gizani, unatoka gizani. Sisi tuliposoma katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, majira hayo ya kwanza tulidhani tumeugua. Tulilala mchana, tukaamka tumechoka, chakula hakikuwa na ladha, na nyumbani tulikuwa tukisema kwenye simu kwamba tuko salama salmini. Mwalimu wetu mmoja ndiye aliyetueleza kwamba mwili uliozoea jua la saa kumi na mbili kwa kumi na mbili mwaka mzima hushtuka ukinyimwa mwanga. Wazazi, mtoto akisema amechoka na hana hamu ya kitu mwezi wa Desemba, msimwite mvivu. Mwambieni atoke nje saa sita mchana, hata kama kuna mawingu, na amwone daktari wa chuo.

Nyerere alipata nafuu moja: alifika Aprili, siku zinarefuka. Alipewa makazi katika jengo lililotengwa kwa watu wa makoloni. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka minne nyuma, lakini Uingereza ilikuwa bado inakula kwa kadi. Chai, sukari na nyama vilipimwa kwa kila mtu, kwa wiki. Kijana aliyetoka kwa wafugaji, ambako mgeni huchinjiwa, alikuta nchi ya mfalme aliyemtawala ikipanga foleni kwa kipande cha nyama. Tunajiuliza mara nyingi hilo lilimfanyia nini kichwani. Ukimwona bwana mkubwa jikoni kwake, akiwa amevaa soksi iliyotoboka na kuhesabu majani ya chai, huwezi tena kumwogopa kwa namna ile ile.

Jambo jingine, na hili ni la sisi wauguzi: huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ambayo mgonjwa hutibiwa bila kulipa mlangoni, ilianza Julai 1948, miezi tisa tu kabla hajafika. Aliishi miaka yake yote mitatu katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajaribu kumtibu maskini na tajiri kwenye foleni moja.

Sasa tufike kwenye kozi, kwa yule baba asiyesema na mwanawe.

Nyerere alikuwa mwalimu wa biolojia, na miezi ya mwanzo Edinburgh alichukua masomo mafupi ya kemia na fizikia. Njia ilikuwa inaelekea sayansi. Lakini ilipofika Oktoba 1949 aliandikishwa kitivo cha sanaa, kwa shahada ya kawaida, ile isiyokuwa na ubobezi wa somo moja. Hatuna budi kueleza hapa kitu kinachowachanganya wengi. Shahada aliyoipata inaitwa MA, na watu hudhani alikwenda kwa shahada ya pili. Katika vyuo vikuu vya kale vya Uskochi, shahada ya kwanza ya sanaa ndiyo hupewa jina hilo. Ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa ya kawaida. Mwenyewe baadaye alieleza kuwa masomo hayo yalimwachia muda wa kusoma vitabu vingi nje ya darasa na kubishana na wenzake juu ya kila jambo, na kwamba huko ndiko alikoijenga siasa yake yote. Kwa maneno mengine, alichagua kozi iliyomwachia nafasi ya kufikiri. Mzazi wa Al Khuwair angemuuliza kozi hiyo itampa kazi gani, na swali hilo lisingekuwa la kipumbavu. Mtu aliyeacha mama mjane kijijini, akaacha sayansi na kuchukua fasihi na falsafa, aliwaweka watu wengi roho juu.

Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na elimu ya jamii na mila za watu. Mwaka wa pili historia ya uchumi na historia ya Uingereza, ambayo ilifundishwa na Richard Pares, mwalimu aliyemsifu baadaye kwa kumfundisha Waingereza wana tabia gani na huendeshwa na nini. Mwaka wa tatu sheria za katiba na falsafa ya maadili. Profesa wa uchumi chuoni hapo alikuwa Sir Alexander Gray, na wa falsafa ya maadili alikuwa John Macmurray, mtu aliyefundisha kwamba binadamu huwa mtu kwa sababu ya wenzake na hakamiliki akiwa peke yake. Anayeijua Ujamaa hatashangaa kwamba mwanafunzi wa Kizanaki alisikiliza kwa makini.

Alama zake zilikuwaje? Za kawaida. Alifaulu kila somo, lakini hakuwa wa kwanza darasani wala karibu yake. Tunaliandika hili kwa makusudi, kwa sababu tumeona kwenye kundi letu la simu wazazi wakibandika matokeo ya watoto kama orodha ya washindi wa bahati nasibu, na wengine wakinyamaza wiki nzima kwa aibu. Mwalimu wake wa falsafa alimkumbuka kama mwanafunzi mchangamfu, darasani na hata kwenye tafrija ya darasa.

Upweke aliupunguza kwa watu. Mwaka ule wa 1949 wanafunzi Waafrika kutoka makoloni ya Afrika Mashariki waliokuwa wakisoma Uskochi nzima walikuwa wawili tu. Wawili! Leo mtoto akifika mji wowote Ulaya, kesho yake anaalikwa pilau. Yeye alijichanganya na Wanigeria na watu wa visiwa vya Karibi, watu wasio na lugha yake wala chakula chake, ila wenye hali moja naye ya kuwa raia wa makoloni. Darasani wazungu walimchukulia kama mwenzao, jambo ambalo Tanganyika ya wakati ule lisingefikiriwa. Alikaa benchi moja na watoto wa nchi iliyomtawala, akabishana nao, mara akashinda, mara akashindwa, ikawa kawaida. Wengi wanaamini hapo ndipo ilipopata nguvu imani yake kwamba Tanganyika inaweza kuwa nchi ya watu wa rangi zote.

Pesa ilikuwa tatizo, kama ilivyo kwa kila mwanafunzi mwenye mama nyumbani. Likizo moja alikwenda Wales pamoja na wanafunzi wengine kuvuna viazi shambani. Hebu wanetu mfikirie: baba wa taifa, mgongo umeinama, tope la Wales viatuni, akijaza gunia la viazi. Sisi tulifanya kazi kwenye nyumba za wazee. Tuliogesha, tulilisha, tulibadilisha shuka usiku, na asubuhi tukaingia darasani tunanuka dawa. Nusu ya mshahara tuliituma nyumbani. Hatukuwaambia wazazi wetu pesa inatoka wapi, na nao hawakuuliza. Mwisho wa mwaka wa kwanza tulifeli somo moja kwa ajili ya usingizi, tukalirudia kiangazi, na hilo pia hatukulisema mpaka leo tunapoliandika. Kwa hiyo kijana wetu anayemtumia bibi pesa ya chakula, tunamwelewa. Ila tumeshamwambia mama yake. Bibi anaweza kusaidiwa na sisi watu wazima tulioko huku, na chama kina mfuko.

Siasa ilimjia pole pole. Mwaka 1951 alishuka London kukutana na Watanganyika wengine waliokuwa wakisoma huko, akayaona na yale maonyesho makubwa ya taifa waliyoyaandaa Waingereza mwaka huo. Mwaka huo huo, yeye na Mtanganyika mwenzake John Keto waliandika makala katika jarida la wanafunzi wa Edinburgh kuupinga mpango wa kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa shirikisho, kwa kuona kwamba lengo lake ni kuwaongezea nguvu walowezi wachache. Februari 1952 alihudhuria mkutano juu ya jambo hilo, na mmoja wa wasemaji alikuwa Dk. Hastings Banda, daktari aliyewahi kusoma Edinburgh, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Malawi. Chumba kimoja cha mkutano, kwenye mji wa baridi, na ndani yake marais wawili ambao hakuna aliyewajua. Aliandika pia insha ndefu juu ya tatizo la rangi Afrika Mashariki. Hakuwa na chama wala wafuasi. Alikuwa na kalamu na kadi ya maktaba.

Na Shakespeare. Fasihi ya Kiingereza aliyoisoma pale haikubaki kwenye daftari la mtihani. Miaka kumi na moja baada ya kuondoka Edinburgh, akiwa rais mwenye nchi changa mikononi, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar kwa Kiswahili, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinabeba chochote. Wanetu mliozaliwa Muscat, ambao mnaona haya kusema Kiswahili mbele ya wenzenu shuleni, mtu huyu alikisoma Kiingereza mpaka mizizi kisha akarudi nacho nyumbani kama mtu aliyekwenda kuteka maji.

Julai 1952 alivaa joho, akapokea shahada yake, na wiki hiyo hiyo akaondoka Edinburgh. Alikaa miezi michache akitembelea shule na taasisi za elimu Uingereza, makazi yake yakiwa London. Halafu akapanda meli, Kenya Castle, na Oktoba 1952 akateremka Dar es Salaam. Mwezi huo huo Waingereza waliachiwa kununua chai bila kadi. Naye hakuwapo tena kuifaidi.

Hapa ndipo tunaposita, maana sisi tunaoandika hatukurudi. Tulimaliza shahada, tukafanya kazi kidogo huko, kisha tukaja Oman, kwa mkataba wa miaka miwili, na sasa watoto wetu wanaota ndevu hapa. Hatumtumii Nyerere kuwahukumu walioko nje, la sivyo tungejihukumu wenyewe kwanza. Wala yeye hakurudi kwenye mteremko. Kutoka Dar es Salaam alichukua garimoshi mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza meli ya ziwani mpaka Musoma, akafika kwao. Huko msomi huyu wa kutoka Ulaya akavua viatu, akakanyaga udongo, akafyatua matofali ya matope na kujenga nyumba yake na Maria kwa mikono yake. Msomi kushika tope hadharani halikuwa jambo la kawaida, na watu walishangaa. Tarehe 24 Januari 1953 akamwoa Maria katika misheni ya Musoma.

Kisha wakahamia Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, akafundisha historia katika chuo cha St Francis. Yaliyofuata wanetu mmeyasoma: Aprili 1953 akachaguliwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU, Machi 1955 akasimama New York mbele ya baraza la Umoja wa Mataifa la udhamini. Aliporudi alilazimika kuchagua kati ya kazi ya ualimu na siasa. Akaacha ualimu. Maria alikuwa na watoto wadogo, na mshahara ukakatika, na wakarudi Butiama kwa muda. Zile picha za Desemba 1961, bendera ikipanda saa sita za usiku, zina nyuma yake jikoni lisilo na uhakika wa kesho, na mwanamke wa kulipigania. Tunaomba mwaka ujao jarida limpe Mama Maria kurasa zake mwenyewe.

Edinburgh ilimwita tena mwaka 1962 ikampa shahada ya heshima, na leo chuo hicho kina ufadhili wenye jina lake kwa Watanzania wanaotaka shahada ya pili. Yule anayetaka kubadilisha kozi ameusikia. Baba yake alikuwapo tulipomsimulia habari hizi barazani, karibu na msikiti wa Said bin Taimur, baada ya maghribi. Alinyamaza, akaagiza chai ya pili, akauliza kama masomo ya historia yana mtihani mgumu. Usiku huo alimpigia mwanawe.

Mwalimu alirudi Uingereza mara ya mwisho akiwa mgonjwa wa saratani ya damu. Alilazwa hospitali ya St Thomas', London, ukingoni mwa mto Thames, katika ile huduma ya afya iliyokuwa na miezi tisa alipofika akiwa kijana. Wauguzi wa mataifa mengi wanafanya kazi hospitalini humo, na wengi wao ni watu waliokwenda huko kusoma. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwili ukarudishwa Dar es Salaam, ukaagwa, ukapelekwa Butiama, na tarehe 23 Oktoba akazikwa kwao, Mama Maria akiwa kando ya kaburi.